Flashi Nyekundu Haikuwa na Virusi

Kasulu, Jumapili mchana

Yusta mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia unagombana na zipu ya begi. Hali yako pia siulizi. Naijua: umefurahi, unaogopa, na unajifanya unatafuta soksi. Mambo ya sabuni, ya kubadilisha basi, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua njiani, shangazi yako amekueleza tangu Alhamisi, na kila akifika mwisho anaanza upya. Hapo sina la kuongeza.

Naandika kwa kalamu. Najua utashangaa, mtu aliyekula kwa kuchapa maneno ya wenzake miaka yote hii anamwandikia mwanawe kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu. Nimefanya makusudi. Kwenye kompyuta mtu akifuta, hakuna anayejua kama alifuta. Hapa utaona kila nilipokata, na nilipokata ndipo nilipokuwa naanza kudanganya.

Neno lenyewe nikuambie sasa, nisije nikalizunguka kama nilivyolizunguka tangu mwaka 2012. Ile flashi yako nyekundu haikuwa na virusi. Jina la Odilia halikuliwa na kitu ulichokileta wewe. Nililifuta mimi kwa mkono wangu, na nilijua siku ileile, kabla sijaokota jiwe.

Ukitaka kuacha kusoma hapa, acha, kubwa umeshalipata. Ukiendelea nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu kosa lile halikuzaliwa siku ile. Nilikuwa nimelilea muda mrefu, nikililisha vizuri.

Nilianzia Kibondo, kwenye kibaraza karibu na mahakama ya mwanzo, na mashine ya taipu iliyokatika herufi R. Watu walileta malalamiko yao, mimi nikayapanga, kisha nikatoa karatasi na kuzijaza R zote kwa wino, moja moja. Hakimu aliwahi kuniambia barua zangu zinaonekana kama zimeugua surua. Lakini taipu ilikuwa na adabu. Ukikosea, kosa linabaki pale linakutazama. Ukitaka kulificha lazima urudie ukurasa mzima, na ukirudia unausoma tena.

Kompyuta niliipata hapa Kasulu, shirika fulani lilipofunga kazi zake kwenye kambi ya wakimbizi na kuuza vyombo vyake kwa mnada. Wengine walichukua viti na matangi, mimi nikatoka na kasha, kioo na kibodi, nikafungua duka la kuchapa. Mwalimu sikuwa naye. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichonyofoka mwanzo na mwisho, ndiyo maana mpaka leo kompyuta naijua kuanzia ukurasa wa kumi na saba.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba, tena la Kibondo. Mashine ilipenda kuuliza maswali. Ukitaka kufunga, inauliza. Ukitaka kuhamisha, inauliza. Mwanzoni nilikaa na kamusi, natafuta neno moja baada ya jingine, mteja anapiga miayo. Halafu nikagundua kwamba nikibonyeza Yes, swali linaondoka na kazi inaendelea. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu, ya hamsini. Yes ilifanya kazi kila mara. Nikaacha kamusi.

Ningenyamaza nayo isingekuwa neno. Lakini mimi ni mtu wa kufundisha, unanijua. Nilipofungua darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa sekondari, vichwa kumi na viwili kwenye benchi mbili mbele ya mashine moja, niliifanya kanuni. Nilisimama na fimbo yangu ya kuonyeshea nikasema kompyuta ikikuuliza jibu Yes, haipendi mtu mbishi. Mkarudia kwa pamoja. Wewe ulikuwa benchi ya mbele, kidato cha pili, sauti yako inapita za wote.

Na viatu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja wanafunzi huvua viatu mlangoni. Sababu ni vumbi, kama unavyojua vumbi letu la kiangazi linaingia hata ndani ya yai. Lakini mwanafunzi mmoja aliponiuliza kwa nini tunavua, nilikuwa nimetoka kusoma habari za virusi kwenye kile kitabu, na sikuzielewa. Nikachukua vumbi nikaunganisha na virusi nikapata sayansi. Nikamwambia virusi huingia na nyayo. Nikabandika karatasi mlangoni: VUA VIATU, ZUIA VIRUSI. Mji mzima ukavua. Hata mwalimu wa taaluma wa shule yenu, mwenye cheti, alivua. Kwa nini nisijiamini?

Virusi vya kompyuta, mwanangu, utaenda kufundishwa vizuri huko chuoni, ni maagizo. Mtu mahali fulani ameandika maagizo mabaya yakajificha ndani ya faili. Hayana miguu, hayana soksi. Hilo nimelijua baadaye, na nililijua nimechelewa.

Lakini nisijipake matope mwili mzima. Historia niliifundisha vizuri. Maana za maneno nilikuwa nazibahatisha, ila hadithi nilizishika. Unakumbuka nilivyoanza na maharage? Harage lipo mezani, moja. Harage halipo, sifuri. Nikawaambia mashine nzima haijui kitu kingine zaidi ya hicho, lipo au halipo, ila inajua haraka sana. Kisha wafumaji wa nguo kule Ufaransa, waliotoboa kadi ili mashine ijue uzi upite wapi. Kisha yule fundi Mwingereza aliyechora mashine kubwa ya kuhesabu, akazeeka, akafa haijaisha, na mwanamke aliyeiandikia hatua za kufuata kabla mashine yenyewe haijakuwepo. Kisha Wamarekani waliochoka kuhesabu watu wao kwa vidole, wakampa kila mtu kadi yenye matundu, tundu la mwanaume, tundu la mwanamke, tundu la mgeni. Kisha zile mashine za kujaza chumba, zinazowaka taa kama harusi, hadi nondo akaingia akakwama ndani na wakamgundisha kwenye daftari kama ushahidi. Kisha ile transista, swichi ndogo tuliyoikuta ndani ya redio ya babu yako, ikapungua, ikapungua, hadi maelfu yake yakakaa kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha.

Somo alilolipenda Odilia lilikuwa moja. Unamkumbuka alivyokaa, mgongo umenyooka, daftari limekunjwa mara mbili ili litoshe mfukoni, kwa sababu alitoka Nyakitonto na alibeba vitu vyote mwilini. Alikuwa kidato cha nne. Niliwaambia kwamba zamani, kabla ya umeme, neno kompyuta lilikuwa jina la mtu. Lilikuwa cheo cha kazi. Watu, na wengi wao wanawake, waliketi chumbani wakikokotoa njia za nyota na za mizinga kwa kalamu, na waliitwa hivyo. Odilia akanyoosha mkono. Aliuliza, mashine ilipokosea siku zile, nani alilaumiwa?

Nikacheka. Nikamwambia mashine wakati huo ilikuwa mtu, kwa hiyo alilaumiwa mtu. Nikaendelea na somo.

Mwaka huohuo mwalimu wa taaluma aliniletea orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne niichape, ipelekwe Kigoma. Majina sitini na moja. Nikayachapa, nikayahifadhi kwenye mashine yangu. Jina la Odilia halikuwemo, kwa sababu hakuwa na picha ya pasipoti, na mpiga picha alikuwa amekwenda msibani. Siku chache baadaye alikuja nayo, amefunga kwenye kitambaa, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Dukani hapakuwa na umeme. Basi nikaichukua orodha niliyokuwa nimeinakili kwenye flashi ya duka, tukaenda naye kwa jirani mwenye jenereta, nikaliingiza jina lake mbele yake. Nilimuuliza herufi za jina la baba yake mara tatu. Akaliona kwenye kioo, la sitini na mbili. Akasema, “Asante, mwalimu.” Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu vile.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo penyewe. Orodha ya majina sitini na mbili ilikuwa kwenye flashi tu. Ndani ya mashine yangu ilibaki ya sitini na moja. Zote mbili zina jina moja la faili. Wiki iliyofuata mwalimu akaona jina la shule limekosewa juu kabisa, akaniomba nilisahihishe upesi, gari linamsubiri. Umeme ulikuwepo. Nikafungua ile ya kwenye mashine, ile ya zamani, nikasahihisha kichwa cha habari, nikaisukuma kwenye flashi.

Mashine ikaniuliza. Nataka uelewe hili kuliko yote. Iliniuliza. Ilisema, kwa Kiingereza chake, kwamba mahali hapa pana faili lenye jina hilihili, je, unataka hili jipya likae juu ya lile? Ilinionyesha tarehe za yote mawili, na ukubwa wake. Ilinipa nafasi zote ambazo mtu muungwana humpa mwenzake. Nikabonyeza Yes bila kusoma, kama nilivyowafundisha.

Nikachapa kwenye karatasi. Mwalimu akatia sahihi bila kuhesabu, kwa sababu imechapwa. Ingekuwa imeandikwa kwa mkono angeipitia jina kwa jina, na kalamu sikioni. Mpaka leo nashangaa jinsi wino wa printa unavyowafanya watu wazima wawe wapole.

Namba za mtihani zilipotoka, za watu sitini na mmoja, walikuja dukani watatu: mwalimu wa taaluma, baba yake Odilia, na Odilia mwenyewe. Wewe ulikuwa umeketi mbele ya mashine, umetoka shule, unasikiliza nyimbo kutoka kwenye flashi yako nyekundu. Mwalimu alinieleza. Nikakuambia usogee, nikachomeka flashi ya duka, nikafungua orodha. Sitini na moja. Nikatazama tarehe ya kuhifadhiwa, nikakumbuka gari linalosubiri, nikakumbuka swali. Haikuchukua muda hata wa kuchemka chai. Nilijua.

Nikageuka. Odilia alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Alikuwa amevua, asije akaniletea virusi.

Yusta, ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, watu watatu tu, na mmoja wao hana viatu. Lakini baba yake alikuwa na fimbo ya kuchungia, na mwalimu aliniangalia kama mtu anayesubiri maelezo ya kitaalamu, na mimi nilikuwa ndiye mtaalamu wa mji. Nikasema, “Hivi ni virusi.”

Mwalimu akauliza vimetoka wapi. Hakunituhumu, aliuliza tu, kama unavyouliza mvua imetoka upande gani. Na macho yangu yakatafuta mahali pa kutua. Yakaiona ile nyekundu, imechomekwa ubavuni mwa kasha.

Ulisema, “Baba, ina nyimbo tu.” Ulisema kwa sauti ndogo, na ulisema mara moja. Nikaichomoa, nikatoka nayo nje, nikachukua lile jiwe la kuzuilia mlango. Nilitaka waone nachukua hatua. Jiwe lilipokuwa juu nikakumbuka kwamba si nyimbo tu. Nikakumbuka kwamba mle ndani kulikuwa na sauti ya mama yako, ile aliyorekodiwa kwenye simu akiimba Kiha huku anapepeta maharage, na kwamba simu yenyewe ilikwishaharibika, na mama yako tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nilikumbuka yote hayo jiwe likiwa juu. Nikalishusha juu yake hivyohivyo.

Hukulia mbele yao. Ulimwangalia Odilia miguuni.

Nimewahi kukufundisha kwamba ukifuta faili, mashine haiondoi kitu. Inafuta jina kwenye orodha yake tu. Maneno yenyewe yanabaki palepale kwenye diski, mazima, ila hakuna tena anayejua yalipo, na siku yoyote kitu kingine kinaweza kuandikwa juu yake. Nilikuwa naisema kama kichekesho. Odilia alirudi Nyakitonto mzima, ana akili yake yote na daftari lake. Hakuwa kwenye orodha, basi. Mwalimu alisema atarudia mwaka unaofuata. Baba yake akasema mwaka unaofuata una mambo yake. Kabla mahindi hayajavunwa alikuwa amepelekwa Nyabibuye kuwa mke wa pili wa mtu mwenye shamba kubwa.

Na wewe nikakuona ukibadilika nikajifanya sioni. Ulianza kunawa mikono kabla ya kugusa kibodi. Nyimbo uliacha. Jumamosi ulikaa benchi ya nyuma. Mara moja shangazi yako alikukuta unaifuta ile mashine kwa kitambaa chenye dawa ya kuulia mende, akaniita nicheke. Nilicheka.

Nilijiambia utasahau. Mtu mwenye kosa huwaamini sana watoto kwa kusahau.

Mwaka huu ukaniletea barua ya maombi ya chuo niichape. Hukutaka kuichapa mwenyewe, ulisema vidole vyako vinakosea. Nikaketi nikachapa. Aya ya kwanza jina, shule, matokeo. Aya ya pili uliandika kwamba unataka kusoma kompyuta kwa sababu ulipokuwa kidato cha pili uliingiza virusi vilivyomharibia mtu maisha, na unataka kujua jinsi vinavyozuiwa ili usije ukamfanyia mwingine.

Nilichapa maneno hayo, Yusta. Nikayapanga, nikaweka nukta. Nikahifadhi. Mashine ikaniuliza kitu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisoma swali lote. Ilikuwa inauliza kama nina hakika.

Wiki ileile nikamwambia shangazi yako nakwenda Kibondo kumwona hakimu wangu wa zamani. Si kweli. Nilipita Kibondo bila kushuka, nikafika Kakonko, nikapanda pikipiki hadi Nyabibuye. Barabara ile mwaka huu imejaa wakimbizi kutoka ng’ambo ya mpaka, na magodoro yao vichwani, na kwenye kituo kulikuwa na kijana mwenye karatasi anaandika majina yao. Nilimpita haraka. Siku hizi siwezi kumtazama mtu anayeandika orodha.

Nilimkuta Odilia uani anamenya muhogo. Mtoto mmoja mgongoni, na mwingine yuko njiani. Aliniona kwa mbali akaendelea kumenya. Nilimsalimu kwa Kiha, mwakeye, akaitikia. Alinikaribisha ndani, na mimi, kwa mazoea au kwa aibu, sijui, nikainama mlangoni nikaanza kufungua kamba za viatu.

Akasema, “Ingia na viatu, mzee. Hapa hakuna kompyuta.”

Nilimweleza yote. Nilikuwa nimeyapanga njiani, lakini yalitoka kwa vipande, kama barua zangu za zamani zisizo na R. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akamtoa mtoto mgongoni akamnyonyesha, ndipo akaniambia kwamba alijua. Alijua tangu mlangoni. Aliliona jina lake kwenye kioo kwa jirani, la sitini na mbili, na alikuwa amekaa darasani kwangu. “Virusi gani vinakula jina moja na kuacha sitini na moja?” aliniuliza. “Vilikuwa vimeshiba?”

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akanitazama kama ninavyotazama mteja anayeuliza kama printa inaweza kutoa chapati. Akasema yeye ni msichana wa Nyakitonto asiye na viatu, mimi ni mwalimu wa kompyuta. Nani angemsikiliza?

Halafu akaniambia jambo nisilolijua. Aliniambia kwamba wewe ulikwenda kwao. Likizo ile, ulipotuaga kwamba unakwenda kwa rafiki, ulitembea hadi Nyakitonto peke yako ukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Ulipiga magoti. Ulimpelekea sabuni na daftari jipya. Alikuambia hana neno nawe, na ukalia hadi mama yake akakupikia uji.

Nikamuuliza, “Ulimwambia ukweli?”

“Wewe ni baba yake,” alisema. “Nilikuachia wewe.”

Miaka mitatu, mwanangu. Alikuwa ameniachia nafasi miaka mitatu, na mimi nilikuwa nachapa kadi za harusi.

Nilimwambia naweza kumsaidia ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, nitafuatilia mwenyewe, jina nitalikagua kwa kidole. Alicheka kidogo, si kwa furaha. Akanionyesha muhogo, mtoto, tumbo, na nyumba ya mke mkubwa ng’ambo ya ua. Nilipoinuka kuaga nikamwomba msamaha kwa mara ya pili, maana ya kwanza haikujibiwa.

“Leo hapana,” alisema. “Leo nina muhogo wa kuanika kabla jua halijaondoka. Kamwambie Yusta kwanza. Kwangu ulitangulia kwa sababu ni mbali.”

Hiyo ndiyo safari yangu ya Kibondo. Nilirudi nikiwa na nia ya kukuambia jioni ileile. Ulikuwa unachambua dagaa, ukaniuliza hakimu hajambo, nikasema hajambo. Kesho yake nikasema keshokutwa. Leo ni Jumapili na basi lako linaondoka alfajiri, na nikingoja zaidi nitakuwa nimekuacha uondoke na mzigo wangu kwenye begi lako. Shangazi yako tayari amelijaza.

Sikuombi unisamehe. Naona hata kuomba ni namna ya kukuuliza swali ambalo nataka ujibu Yes bila kusoma. Kaa nalo. Huko chuoni watakufundisha maneno sahihi ya yale yote niliyoyabahatisha, na siku utakapofika kwenye somo la virusi utajua kwa akili yako mwenyewe kwamba ninachosema hapa ni kweli. Ukikuta pia kwamba hukuwa na sababu ya kusoma kompyuta zaidi ya kosa ambalo si lako, basi soma kitu kingine. Sitauliza. Ukikuta unaipenda tu, kama ulivyoipenda ukiwa benchi ya mbele, hiyo ni yako, na haikutoka kwangu.

Jambo moja nimejifunza, nikupe bure, wala si la kompyuta. Siku hizi kila unapokwenda, zahanati, ofisini, kituoni, utasikia mtu nyuma ya dirisha anasema mashine imekataa. Mimi ndiye niliyeusambaza huo ugonjwa katika mji huu, nastahili kibandiko changu mlangoni. Mashine haijawahi kukataa kitu mbele yangu. Ilifanya nilichoiambia, kila mara, hadi mwisho, na kabla ya kufanya iliniuliza.

Kwenye mfuko wa pembeni wa begi nimeweka karatasi ya nailoni iliyofungwa. Ndani ni ile flashi. Niliokota vipande vyote mlipoondoka, nikavificha kwenye kopo la misumari. Ganda limesagika, na ile sehemu ya kuchomeka imepinda, lakini kile kibao chenyewe kina ufa pembeni tu, sijui umefika wapi. Kuna mtu aliniambia kwamba wapo wataalamu mijini wanaoweza wakati mwingine kusoma kilichobaki. Wakati mwingine, alisema, na mimi nakurudishia neno lake lilivyo. Usiweke matumaini. Lakini ni yako, na sina haki ya kuendelea kuilalia. Kama sauti ya mama yako ipo, uisikie wewe kwanza. Mimi usinipigie simu kuniambia mpaka utakapotaka.

Barua hii nitaichomeka chini ya mkanda wa begi, utaiona ukilifunga. Nami sitakuwepo nyumbani utakapoisoma. Nitakuwa dukani, na nitalala hukohuko kwenye benchi, ili usilazimike kunitazama usoni kama hutaki. Basi litapita mbele ya duka likitoka stendi. Ukiwa ndani yake na hukushuka, nitasikia honi, na nitaelewa.

Ile karatasi ya mlangoni nimeibandua leo baada ya kanisa. Imeacha alama nne za gundi. Ukipenda kupita kuniaga, mlango hautafungwa. Ingia na viatu.

Baba yako